Acha kumkalisha mathe kitini, moyo wake unataka mazoezi

Skiza. Kama unaishi na mzazi, shangazi ama ndugu ambaye daktari alisema moyo wake umelegea, nabeti saa hii unaposoma hapa amekaa. Amekaa kwa sofa, miguu juu ya kigoda, rimoti mkononi, na wewe umemwekea maji karibu ili asiinuke. Unajiona mtoto mzuri. Majirani pia wanakusifu. Najua hayo yote kwa sababu ndivyo nilivyomfanyia mathe kwa miezi saba, na karibu nimmalize.

Mimi si daktari. Hata diploma sikumaliza, niliacha chuo mwaka wa pili, na sababu ya kuacha ni hii stori ninayokupigia. Kwa hivyo usinichukulie kama mtaalamu. Nichukulie kama msee wa Umoja aliyefanya makosa, akaelezwa, na sasa anaona makosa yale yale kwa kila ploti anayoingia.

Mathe ana miaka 52. Kabla augue alikuwa anauza mtumba Gikomba, mtu wa kuamka saa kumi usiku kuwahi bale ikifunguliwa. Ilianza na kikohozi cha usiku. Halafu akawa hawezi kulala bila mito mitatu, akilala chini anasema ni kama anazama. Halafu viatu vikakataa kuingia, miguu imefura. Tulinunua dawa ya kikohozi. Tukanunua nyingine. Siku aliyoshindwa kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi ndiyo tukakimbia hospitali, na huko akalazwa siku tisa.

Tuliambiwa ana presha ya miaka mingi ambayo hakuijua, na presha hiyo imechosha moyo. Picha ya moyo ilionyesha kwamba kila unapopiga, unasukuma nje asilimia 30 tu ya damu iliyo ndani ya chumba chake kikubwa. Moyo mzima husukuma zaidi ya nusu. Kwa Kiswahili rasmi wanasema moyo umeshindwa kufanya kazi, na hayo maneno ndiyo mwanzo wa shida yetu, kwa sababu mtu akisikia "umeshindwa" anasikia "umekufa". Haujafa. Ni pampu dhaifu. Inasukuma, lakini pole pole, ndiyo maana maji yanabaki nyuma kwa mapafu na miguuni.

Siku ya kutoka tulipewa mfuko wa tembe na karatasi. Hospitali siitaji, si hoja. Kwa karatasi kulikuwa na neno moja la ushauri: apumzike. Hakuna mtu alitueleza apumzike namna gani, hadi lini, ama asifanye nini. Neno moja.

Na mimi nikalitii kuliko amri zote za Mungu. Karo ilikuwa tayari imeliwa na bili, dada yangu bado yuko sekondari, kwa hivyo nikarudi nyumbani kuwa nesi. Nilichota maji, na unajua maji Umoja yanakuja siku yanayotaka. Nilipika bila chumvi. Nilifua. Mathe akiinuka kuosha kikombe nilimnyang'anya. Tunaishi orofa ya nne, ngazi 64 kutoka geti hadi mlangoni, nimezihesabu mara nyingi. Lifti hakuna, kama ploti zote za huku. Siku ya kliniki tulikuwa tunamshusha juu ya kiti cha plastiki, mimi na jirani wa orofa ya tatu, mmoja mbele mmoja nyuma, kama tunabeba kabati.

Baada ya miezi saba mathe hangeweza kutoka sofani hadi chooni bila kushika ukuta. Mapaja yalikuwa yameisha. Nikajua moyo unazidi kuharibika, na nikaanza kufikiria mambo ambayo sitaki kuandika hapa.

Tukapiga picha ya moyo tena. Asilimia 35.

Soma hapo mara mbili. Moyo ulikuwa umepata nafuu kidogo, dawa zilikuwa zinafanya kazi. Lakini mwenye moyo alikuwa amedhoofika kuliko siku aliyotoka wodini. Daktari wa kliniki alimwangalia mathe, akaniangalia mimi, akaandika kikaratasi cha kutupeleka kwa fizio.

Ukifika kwa idara za fiziotherapia za hospitali zetu utapata watu wawili: msee wa nduthi aliye na vyuma mguuni, na mzee aliyepigwa na kiharusi. Mathe alishangaa anafanya nini hapo, yeye hajavunjika. Fizio alikuwa msichana wa rika langu. Alimwambia aketi kitini, akunje mikono kifuani, asimame bila kujishika. Mathe alijaribu mara mbili, akashindwa. Mwanamke aliyekuwa akibeba furushi la nguo kutoka Gikomba hadi steji.

"Mama, moyo wako haujazidi," fizio akamwambia. "Miguu ndiyo imesahau kazi."

Halafu akageuka kwangu. "Na wewe ndiye humfanyia kila kitu?"

Nilijibu ndiyo nikidhani nitasifiwa.

Alichonieleza siku hiyo ndicho nataka ukishike. Uchovu wa mgonjwa wa moyo hautoki kwa moyo peke yake. Misuli isiyotumika inapungua, na ile inayobaki inakuwa mbovu wa kutumia oksijeni, kwa hivyo kazi ndogo tu, kama kwenda chooni, inadai damu nyingi. Moyo dhaifu hauna hiyo damu ya kutoa. Mgonjwa anahema, anaogopa, anakaa. Akikaa, misuli inapungua zaidi. Duara hilo linazunguka hadi mtu anamezwa na sofa.

Fikiria mathree ya zamani iliyo na injini imechoka. Injini mpya hauna pesa ya kununua. Lakini ukijaza magurudumu upepo na breki iache kukwaruza, hiyo gari itapanda mlima ule ule na injini ile ile. Mazoezi hayabadilishi pampu sana. Yanafanya mwili uache kuidai kupita kiasi.

Na usidhani hii ni maneno ya fizio mmoja. Zamani hata madaktari wakubwa duniani walikuwa wanawalaza wagonjwa hawa kitandani. Hadi miaka ya 1970 hiyo ndiyo ilikuwa dawa. Halafu watu wakaanza kupima. Utafiti mkubwa uliofanywa Marekani, Kanada na Ufaransa, uliotolewa 2009, ulifuata wagonjwa 2,331 ambao moyo wao umelegea. Nusu walipewa mazoezi ya mpangilio, nusu wakabaki na matibabu ya kawaida. Sitakudanganya kwamba waliofanya mazoezi walipona. Tofauti ya vifo na ya kulazwa ilikuwa ndogo. Lakini mazoezi yalikuwa salama, na watu waliishi vizuri zaidi kwa hali yao. Baadaye tafiti nyingi zilipowekwa pamoja, zilionyesha kwamba wanaofanya mazoezi hulazwa mara chache. 2021 wengine Marekani waliwachukua wazee 349 waliokuwa wametoka tu kuzidiwa, wengi zaidi ya miaka 70, wakawafunza kusimama, kutembea, kusawazisha mwili na kujenga nguvu kwa miezi mitatu. Hao shosho na guka walisimama na kutembea vizuri kuliko wenzao waliotunzwa kwa njia ya kawaida.

Sasa linganisha umri. Watafiti waliofuata wagonjwa 1,006 kwa nchi tisa za Afrika, Kenya ikiwemo, walitoa ripoti yao 2012 na wastani wa umri ulikuwa miaka 52. Umri wa mathe kabisa. Ulaya na Marekani huu ni ugonjwa wa watu wa pensheni. Huku kwetu ni ugonjwa wa mtu aliye na duka, aliye na mtoto shule, aliye na chama cha Jumapili, na sababu kubwa kabisa ni presha. Kwa hivyo ukimkalisha, umekalisha mtu aliye na miaka 20 ya kazi mbele yake.

Na usijione wewe uko mbali. Kuna madem wa miaka 24 ambao moyo wao unalegea mwisho wa mimba ama miezi michache baada ya kuzaa, na mtaani watu wanasema ni uchovu wa kunyonyesha. Kuna maboyz waliougua koo wakiwa watoto, hawakupewa dawa vizuri, ugonjwa ukashuka hadi kwa vali za moyo. Hawa pia wanaambiwa wakae. Wa vali hasa wasianze lolote kabla ya daktari kusema, lakini hata wao wana haki ya kuambiwa wanaweza kufanya nini, si tu wasichoweza.

Rudi kwa mathe. Kipimo cha kwanza kilikuwa kutembea dakika sita kwa ushoroba wa mita 30, kwenda na kurudi, kwa mwendo wake, akichoka anasimama. Alifika mita 205 na alisimama mara mbili. Mtu mzima mwenye afya hupita 400 akiwa anapiga stori.

Fizio alituambia tuje mara tatu kwa wiki. Nikapiga hesabu hapo hapo. Nauli bob 80 kwenda, 80 kurudi, watu wawili kwa sababu hawezi kuja peke yake. Hiyo ni 320 kwa siku, 960 kwa wiki, kabla hujalipia kikao chenyewe na kabla hujalipa msee wa kukusaidia kumshusha ngazi. Nilimwambia ukweli. Hakubishana. Alichukua karatasi akatuandikia ya nyumbani, akasema tuonane mara moja kwa mwezi.

Nitakupa yale ya mathe ujue yanavyofanana, si ndiyo uyanakili. Wa kwako apimwe kwanza.

Wiki ya kwanza ilikuwa kitu cha aibu. Kusimama kutoka kwa kiti cha meza, mara tano, asubuhi na jioni, akishika meza. Kutembea kwa kibaraza cha mbele ya milango, kutoka mlango wetu hadi kamba ya nguo na kurudi, dakika tano, mara tatu kwa siku. Kuanza pole pole na kumaliza pole pole, hakuna kusimama ghafla. Kila wiki tukaongeza dakika moja au mbili. Baadaye chupa za maji za nusu lita zikawa vyuma vyake, anainua huku anapumua, kwa sababu kuzuia pumzi ukiinua kitu kunapandisha presha.

Utajuaje hajazidisha? Usikimbilie kuhesabu mapigo kwa saa ya kichina. Baadhi ya dawa za moyo zinapunguza kasi ya mapigo, kwa hivyo namba inaweza kukudanganya. Kipimo ni mdomo. Anafaa aweze kuongea sentensi nzima lakini asiweze kuimba. Mathe ni wa kwaya, hiki kipimo alikipenda vibaya. Anatembea akijaribu ubeti wa wimbo wa kanisa, ukitoka vizuri anajua anazembea, maneno yakikatika anapunguza mwendo.

Kuna siku hakuna mazoezi, na hizi zishike kuliko zile zingine. Tulinunua mizani. Kila asubuhi baada ya kukojoa, kabla ya chai, anapanda. Akiongeza kilo mbili ndani ya siku tatu hayo si mafuta, ni maji, na hiyo siku ni ya kupigia kliniki. Akihema akiwa amekaa tu, kifua kikiuma, kizunguzungu, miguu ikifura upya, ama amelala ameketi usiku mzima, anapumzika na anatafutiwa daktari. Kuna tofauti ya mtu kuchoka na mtu kuzidiwa. Kuchoka kunaisha ukikaa dakika chache.

Sehemu ngumu haikuwa mwili, ilikuwa watu.

Siku ya kwanza mathe alijaribu ngazi, baada ya karibu miezi miwili ya kibaraza, tulipanga ashuke orofa moja na kupanda tena. Akafika katikati, akasimama, ameshika chuma, anapumua. Jirani mmoja akatoka na beseni. Aliangalia, akaniangalia mimi niliyesimama nyuma mikono mitupu, akasema, "Kijana, hata kumshika mamako unashindwa?" Kufika jioni ploti nzima ilikuwa inajua namtesa mathe. Shangazi alipiga simu kutoka ocha. Akaniuliza kama nataka kurithi nini, maana hakuna kitu.

Mathe mwenyewe ndiye aliyemjibu. Alinyakua simu akamwambia, "Wacha kijana wangu. Leo nimeona geti."

Hakuwa ameona geti, alikuwa ameona orofa ya tatu. Lakini sikumrekebisha.

Ndiyo maana nasema hili ni letu sisi vijana, si la madaktari peke yao. Kwa Eastlands hakuna chumba cha mazoezi ya moyo kwa kila mtaa, lakini kuna wewe, uko nyumbani, pengine huna kazi kama mimi, una simu yenye saa ya kuhesabu dakika. Kazi unayofanya sasa ya kubeba kila kitu ni rahisi, na inakupa sifa. Kusimama nyuma ya mzazi wako ngazini huku anahema, bila kumbeba, majirani wakikuangalia, hiyo ndiyo kazi. Mimi bado naiogopa.

Najua kuna mtu atasema nawabebesha wagonjwa maskini mzigo wa serikali. Ako na pointi, na sitaki serikali iponyoke kwa mlango huo. Kwanza, angalia tunapotembelea. Mwambie mgonjwa wa moyo atembee dakika 20 Umoja. Wapi? Kando ya barabara kumejaa vibanda, nduthi zinapita juu ya njia ya miguu, mtaro uko wazi, na ukikaribia Outering unavuta moshi ambao wenyewe ni sumu kwa moyo. Wa Dandora wana moshi wa jalala juu yake. Mathe anatembea saa kumi na mbili na nusu asubuhi ndani ya mitaa midogo kwa sababu saa mbili haiwezekani. Daktari akisema "tembea" anafikiria barabara ambayo huku haiko.

Pili, vitu tunavyohitaji viko, havijaunganishwa tu. Septemba 2023 serikali ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii karibu 100,000 nchi nzima, na kwa mikoba yao kuna mashine ya presha na mizani. Huyo mama anayepita ploti yenu na mkoba ana vifaa viwili kati ya vile mgonjwa wa moyo anahitaji kila wiki. Akifunzwa pia kumhesabia mtu dakika sita, na kujua lini asimame na lini apigie kliniki, umepata nusu ya kituo cha mazoezi bila kujenga ukuta. Fizio wanafunzwa KMTC na vyuo vikuu vyetu. Wengine tunawajua kwa majina, wako mtaani wakitafuta kazi.

Na haijakosa kujaribiwa hapa Kenya. Eldoret, katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, watafiti walichukua wagonjwa wa moyo uliolegea, wengine wakafanya mazoezi hospitalini, wengine nyumbani wakiwa na kijimashine cha kuhesabu hatua. Matokeo yalichapishwa 2022, na walichoonyesha ni kwamba njia zote mbili zinawezekana kwa mazingira yetu. Hiyo ya nyumbani ndiyo inanisisimua, kwa sababu ya ile hesabu yangu ya 960.

Halafu tuna maholi. Kaloleni kuna holi, Jericho kuna holi, yote yana paa, sakafu sawa na kivuli. Jumanne saa nne asubuhi ndani hakuna mtu. Weka fizio mmoja, mama wa mkoba mmoja, viti vya plastiki ishirini na spika. Ndiyo, spika. Italia kuna daktari wa moyo anaitwa Romualdo Belardinelli ambaye aliwachezesha wagonjwa wake waltz badala ya kuwaweka wote kwa mashine. Ripoti ya 2008 inasema waliocheza walipata nafuu kama waliofanya mazoezi ya kawaida. Kama waltz inafanya kazi Italia, nieleze ni kwa nini rhumba isifanye kazi Makadara. Rhumba imeumbwa kwa ajili ya hii kitu. Mwendo wa wastani, inaendelea bila kukatika, na hakuna mzee wa Eastlands atakataa kuja.

Na pesa. Tangu Oktoba 2024 tuko kwa SHA, hata asiye na mshahara anatakiwa alipe angalau 300 kwa mwezi. Kusafisha figo kunalipiwa, na ni sawa. Basi mazoezi ya moyo pia yatajwe kwa jina lake, na vikao vyake vihesabiwe, cha hospitalini na cha nyumbani. Siku nane za wodi ni ghali kuliko miezi mitatu ya fizio, hata sisi tulioacha chuo tunaweza kutoa hiyo hesabu. Mwakilishi wadi wako akija kuomba kura na fulana, muulize kuhusu holi. Mimi nimemuuliza wetu. Alicheka kidogo, halafu akaona sicheki.

Lakini usingoje. Kliniki ijayo ya mtu wako, kabla hamjainuka kwa kiti, uliza daktari maswali haya: je, anaweza kuanza mazoezi, ya kiasi gani, na unaweza kutuandikia twende kwa fizio? Usikubali "apumzike" bila tarehe ya mwisho. Wengi wao hawakatai. Hawaulizwi tu, na foleni nje ni ndefu.

Mathe sasa anafanya mita 300 kwa dakika sita. Dawa bado anameza kila siku, na kuna wiki mbili mwaka huu mizani ilipanda tukarudi hospitali. Hajapona, hiyo nimeikubali. Gikomba hajarudi, lakini Jumamosi anakaa na mwenzake kwa kibanda hapa chini, anapanga nguo, anapunguza bei vibaya kuliko zamani.

Ngazi 64 anapanda na kituo kimoja, orofa ya pili, ambapo tuliweka kigoda cha plastiki. Keateka alikitoa mara mbili, akisema kinaziba njia. Mara ya tatu alikiacha, kwa sababu mamake mwenyewe alikuja kumtembelea na akakikalia. Siku hizi mtoto wa jirani anakitumia kufanya homuwaki jioni. Mathe akifika hapo humwambia, "Toka, mtoto wangu, hiyo ni dawa yangu," anakaa dakika mbili, halafu anainuka bila kushika chuma.